Vitafunwa vya watoto havikosi mpishi, vinakosa kopo

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuzungumze na wazazi na walezi wenzetu wa Mwanza na vijiji vya ufukweni kuhusu saa nne asubuhi. Mtoto wa miaka miwili au mitatu aliyekunywa uji saa moja, ikifika saa nne tumbo liko tupu, na chakula cha mchana hakijabandikwa. Hapo nyumba nyingi hutoa sarafu ya mia mbili. Mtoto hushikwa mkono hadi dukani, akarudi na pipi, au ubuyu uliokolezwa rangi hadi vidole vyake vinageuka vyekundu. Saa kumi alasiri safari ni hiyo hiyo.

Hatuandiki kuwalaumu wazazi. Mapishi ya vitafunwa yamefundishwa sana, kliniki, redioni na magazetini, na akina mama wa Kanda ya Ziwa hawahitaji mtu wa kuwafundisha kukanda unga. Wanapokwama ni kwenye kutunza. Maandazi yaliyokaangwa Jumapili, Jumatano yameota ukungu. Biskuti zilizotoka jikoni zikilia zinapovunjwa, kesho yake zimelegea kama mkate. Sisimizi wamepanda kabatini. Mama akitupa unga, mafuta na mayai mara mbili, ya tatu anarudi kwenye sarafu, na hatuwezi kumshangaa.

Kinachoharibu chakula ni maji yaliyobaki ndani yake na unyevu unaokizunguka. Nyumba iliyopo Igombe, Kayenze, Kirumba au Luchelele hupokea hewa ya ziwa usiku kucha, na katika miezi ya mvua, Machi hadi Mei na tena Oktoba hadi Desemba, hewa hiyo hukaa nzito hata mchana. Kitu kikavu kikiachwa wazi huinywa. Kitu chenye majimaji hakipati nafasi ya kukauka. Kwa hiyo kitafunwa cha kuweka wiki nzima lazima kiwe kimekauka hadi ndani, kiwe kimepoa kabisa kabla ya kufunikwa, na kikae kwenye chombo kisichopitisha hewa. Andazi halina hata sifa ya kwanza. Andazi ni la leo na kesho asubuhi, tusililazimishe zaidi ya hapo.

Wasukuma walikwisha kulitatua jambo hili zamani kwa viazi vitamu. Michembe ni viazi vilivyokatwa vibichi na kuanikwa. Hiyo hupikwa upya, mara nyingi kwa karanga. Matobolwa ni viazi vilivyochemshwa kwanza, ndipo vikakatwa na kukaushwa, na hayo mtu hutafuna hivyo hivyo. Kwa mtoto, matobolwa ndiyo pipi ya nyumbani, na tunasikitika kuyaona yakidharauliwa mjini kama chakula cha njaa.

Kwa watoto tunashauri yatengenezwe kwa viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, kwa sababu rangi hiyo ndiyo ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Viazi vyeupe karibu havina. Tafuta aina zenye unga, kama Kabode au Ejumula. Zile zenye majimaji hulegea kwenye sufuria na hazikatiki. Chukua kilo tatu za viazi vya ukubwa wa ngumi vinavyolingana. Vikitofautiana, vidogo vitapondeka kabla vikubwa havijaiva. Osha bila kumenya, weka maji yafike nusu ya viazi, funika, chemsha dakika 20 hadi 25. Choma kwa kisu chembamba: kikipita huku kikikwama kidogo katikati, epua. Kiazi kilichopasuka ngozi kimeshapitiliza kwa kazi hii, mpe mtoto ale siku hiyo.

Mwaga maji na uviache vipoe kabisa, ikiwezekana hadi kesho asubuhi, ndipo umenye na kukata. Hapa ndipo wengi huharibu. Kiazi cha moto hunata kwenye kisu, vipande hushikana, na ukivitenganisha vinameguka. Kikilala usiku mmoja hukaza na hukatika safi. Unene uwe nusu sentimita, pungufu kidogo ya penseli. Kikiwa kinene, nje hukauka na kufunga, ndani hubaki na unyevu, na ukungu utaanzia humo humo huku ukiona kipande ni kikavu.

Anika kwenye chanja iliyoinuliwa hadi kiunoni, juu ya kitambaa safi. Chini ni mchanga, kuku na mbwa. Juu funika kwa kitambaa chepesi cha pazia kuzuia nzi na vijidudu vya ziwani. Usitumie chandarua cha kulalia hata kikiwa kuukuu, kwa sababu vingi vimetiwa dawa ya kuua mbu, na dawa hiyo haina kazi kwenye chakula cha mtoto. Chagua mahali penye upepo na kivuli chepesi kuliko jua la utosi. Jua kali hufifisha rangi ya chungwa, na rangi ikipauka vitamini nayo imekwenda. Geuza asubuhi na mchana. Ingiza ndani saa kumi na moja jioni kabla ya umande. Kuanzia Juni hadi Septemba kazi ni siku mbili hadi tatu. Wakati wa masika tunashauri usianze kabisa, labda uwe na nafasi ya kumalizia juu ya jiko lenye makaa yanayozima.

Kupima, chukua kipande kinene kuliko vyote, usichukue chembamba. Kikunje. Kikinata vidoleni, rudisha chanjani. Kikipinda kama ngozi ya kiatu bila kutoa unyevu ukikibana kwa ukucha, kinakaa wiki moja. Kikivunjika kwa mlio, kinakaa miezi. Lakini rangi huendelea kufifia hata ndani ya kopo, ndiyo maana tunapenda yaliwe ndani ya miezi miwili, na kopo likae gizani. Kilo tatu hutoa chini ya kilo moja ya matobolwa, na vipande vitatu au vinne vinamtosha mtoto kwa saa nne.

Mtoto aliyetimiza miaka mitatu na mwenye meno hutafuna yale yanayopinda. Wa mwaka mmoja hadi mitatu, loweka kwenye maji ya moto yaliyochemshwa au maziwa nusu saa hadi yalegee, ukate vipande virefu vya kushika mkononi. Aliyetimiza miezi sita lakini hajafika mwaka, chemsha upya na uponde. Yale makavu ya kuvunjika asipewe mtoto mdogo kutafuna, yanaweza kumkaba. Na matobolwa hunata kwenye meno, hilo tulikiri, kwa hiyo yafuatwe na maji ya kunywa kila mara.

Kitafunwa cha pili, vijiti vya unga wa dagaa, kinatoka ziwani. Inatuuma kuona mtoto anayeishi hatua chache kutoka kwenye chanja za dagaa akinunuliwa chipsi za pakiti zenye chumvi, wakati dagaa ana madini ya chuma, zinki na kalisi ambayo mwili wa mtoto unayahitaji kila siku. Kinachowakatisha tamaa watu ni mchanga. Nunua wale waliokaushwa juu ya chanja: ngozi yao inang'aa kama fedha, na ukiwachota mkononi hakidondoki kitu. Wa mchangani wamepauka, na punje zimejificha kwenye matamvua na tumboni. Jaribu mmoja kwa meno ya mbele pale pale sokoni. Ukisikia kukwaruza, sogea meza nyingine.

Hata wa chanja waoshwe. Toa vichwa na matumbo, ndiko kwenye uchungu na mchanga. Weka dagaa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, wakoroge kwa vidole, kisha watoe kwa mikono na kuwahamishia beseni la pili. Usimimine maji yakiwa na dagaa pamoja, kwa sababu mchanga ulioshuka chini utarudi kuwapanda. Pitisha kidole kwenye sakafu ya beseni. Endelea kubadilisha maji hadi kidole kisikute punje, kwa kawaida mara nne. Waanike wakauke, halafu wakaange bila mafuta kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, dakika kumi hadi kumi na mbili, ukigeuza muda wote, hadi dagaa avunjike katikati badala ya kupinda. Wakifika kahawia iliyokoza ni wachungu, na mtoto hatasahau. Twanga, chekecha kwa chujio jembamba, kilichobaki juu rudisha kinuni.

Sasa vijiti vyenyewe. Vikombe viwili vya unga wa ngano (kikombe cha mililita 250), vijiko vitatu vya mezani vya unga wa dagaa, vijiko vitatu vya mezani vya mafuta ya alizeti, nusu kijiko cha chai cha binzari, kijiko kimoja cha maji ya limau kukata harufu. Dagaa wetu wa ziwani waliokaushwa juani hawana chumvi, kwa hiyo weka kwa ncha ya kijiko tu. Ongeza maji kidogo kidogo, kama nusu kikombe au pungufu, hadi unga ushikane ukiwa mgumu kuliko wa chapati. Kanda dakika tano, funika, acha upumzike dakika ishirini. Usipopumzika utajikunja kila ukisukuma. Sukuma unene wa milimita tatu, kata vijiti vya urefu wa kidole, vitoboe kwa uma visivimbe. Oka kwenye kikaango cha chapati kikavu kwa moto mdogo, ukigeuza, dakika kumi na tano. Epua kikaango, viache humo humo hadi vipoe. Moto ukiwa mkali, nje huungua na katikati hubaki unga mbichi, na kijiti cha namna hiyo siku ya pili ni laini.

Wapo watakaosema ni vitamu zaidi vikikaangwa kwenye mafuta. Ni kweli, lakini mafuta yanayobaki kwenye kijiti huharibika mapema, tena pamoja na mafuta ya dagaa mwenyewe. Vya kukaangwa viliwe ndani ya siku nne, vya kikaangoni hukaa siku kumi. Kwa sababu hiyo hiyo usitwange dagaa wa mwezi mzima. Twanga wa wiki moja, waliobaki wakae wazima. Mpe mtoto vijiti hivi na kipande cha chungwa au embe, ambalo husaidia mwili kuchukua madini ya chuma. Chai ya rangi hufanya kinyume chake. Tunaomba sana watoto wadogo wasizoeshwe chai pamoja na chakula.

Biskuti za ulezi tutazisema kwa kifupi, maana wengi wanazijua. Unga wa ulezi kikombe kimoja, wa ngano kikombe kimoja, bekin pauda kijiko kimoja cha chai, iliki kidogo, mafuta robo kikombe, yai moja, na ndizi kisukari mbili ndogo zilizoiva hadi ganda lina madoa, zikapondwa. Utamu ni wa ndizi, sukari haihitajiki. Usiongeze ulezi ukapunguza ngano, kwa sababu ulezi hauna ule mnato wa ngano na biskuti zitabomoka. Usiongeze ndizi pia, utashindwa kusukuma. Sukuma nusu sentimita, kata. Asiye na oveni aweke mchanga mkavu sentimita mbili chini ya sufuria kubwa, mawe matatu madogo, sinia juu yake, mfuniko, na apalie makaa juu ya mfuniko mengi kuliko ya chini. Dakika 15 hadi 20 zimeiva.

Zimeiva, hazijakauka. Hilo ndilo kosa linalomaliza biskuti za ndizi. Ndizi ina maji mengi, na biskuti iliyookwa mara moja itakaa siku mbili au tatu tu kabla ya kuota ukungu. Ziache zipoe, kisha zirudishe kwenye sufuria ile ile ya mchanga, makaa yakiwa yamepungua, mfuniko umeachwa wazi kidogo mvuke utoke, kwa dakika ishirini nyingine. Vunja moja katikati. Ikiwa ndani ni nyepesi na kavu kama nje, toa. Hizi hufika wiki mbili. Kwa mtoto wa chini ya miaka miwili zichovywe kwenye maziwa zilainike.

Tufike kwenye kopo. Kopo la bati lenye mfuniko unaobana, au chupa ya kioo yenye skrubu, ndiyo bora. Ndoo zilizokuwa za rangi au dawa za shambani zisiguswe kwa chakula hata zikisuguliwa vipi. Osha kopo, lianike juani wazi hadi liwe na joto, liache lipoe. Kitafunwa kikiwa bado na uvuguvugu kikifunikwa, mvuke hugeuka matone chini ya mfuniko na kudondokea juu yake. Asubuhi utaona weupe. Tumia makopo madogo matatu kuliko moja kubwa, kwa sababu kila likifunguliwa linaingiza hewa ya ziwa. Usichanganye matobolwa na biskuti katika kopo moja: matobolwa yana unyevu zaidi, biskuti huuvuta na kulegea. Vijiti vya dagaa vikae peke yake kwa sababu ya harufu. Bandika karatasi yenye tarehe ya kupika. Kuzuia sisimizi, weka makopo juu ya tofali dogo lililosimama kwenye sahani ya maji, na maji yabadilishwe kila siku yasije yakazaa mbu. Biskuti au vijiti vikilegea bila ukungu wala harufu, dakika kumi kwenye kikaango kikavu juu ya makaa yanayozima vinarudi. Vyenye ukungu visikwanguliwe, vitupwe vyote vilivyomo.

Kuna mambo yasiyo na mjadala. Karanga nzima, bisi na pipi ngumu asipewe mtoto wa chini ya miaka mitano, vinakaba. Karanga zisagwe na zipakwe nyembamba, kwani hata donge la siagi ya karanga linaweza kuziba koo. Asali asipewe mtoto wa chini ya mwaka mmoja hata kidogo, inaweza kubeba vijidudu vinavyomletea mtoto mchanga sumu ya kulegeza misuli. Karanga na mahindi vilivyosinyaa, vilivyobadilika rangi au vyenye ukungu vitengwe punje kwa punje kabla ya kukaanga au kusaga, kwa sababu sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, haiondoki kwa moto wa jikoni. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Na huo unga wa uji wenye nafaka na mbegu za kila aina unaosagwa kwa wingi, uliotiwa karanga na soya na dagaa, huharibika mapema kwa sababu ya mafuta yaliyomo. Heri karanga zisagwe peke yake na kuongezwa wakati wa kupika.

Kitafunwa ni mara moja au mbili kwa siku, katikati ya milo. Kiasi ni konzi moja ya mkono wa mtoto mwenyewe, usipime kwa wako, na kiwe saa mbili kabla ya chakula, la sivyo ugali utabaki kwenye sahani. Mtoto akae chini anapokula. Anayekimbia na kitu mdomoni hukabwa hata na kitu laini.

Mhariri, ombi letu kwako ni dogo. Kila pishi la watoto utakalochapa liwe na mstari mmoja chini yake: kinakaa siku ngapi, kwenye chombo gani, na kuanzia umri gani. Kwa andazi uandike siku mbili, kwenye kapu lililofunikwa kitambaa. Kwa vijiti vya dagaa, siku kumi kwenye kopo la bati, kuanzia mwaka mmoja vikilowekwa kwenye supu, kuanzia mitatu vikiwa vikavu. Kwa matobolwa yanayopinda wiki moja, yanayovunjika miezi miwili, na mstari huo uchapwe kwa herufi nene.

Wapishi na walezi wa watoto wadogo,
Ilemela, Mwanza